Tuisheni ya siviksi maeneo ya Kabwe, nimemaliza miezi mitatu

Jamani mimi nilipata F ya siviksi (somo la uraia) fomu foo, somo ambalo kila mtu anasema ni la kubwabwaja tu, so nilivyoamua kurisiti hata kuulizia tuisheni niliona aibu. Kituo sikitaji jina maana nina malalamiko pia, ila ni maeneo ya Kabwe hapa Mbeya, juu ghorofani, elfu 15 kwa mwezi, wanaanza saa kumi na moja jioni na hapo ndo pamenifaa maana nauza mitumba Mwanjelwa.

Uzuri wote ni ticha. Siku ya kwanza hakutoa noti, alitoa Katiba ya 1977 ya Kiswahili akatusomesha Ibara ya 4 kwa sauti. Ndo nikajua kwa nini vyombo vya mamlaka ya nchi vinatajwa viwili viwili, utendaji viwili, kutoa haki viwili, kutunga sheria viwili, kumbe ni Muungano na Zanzibar! Nilikariri mihimili mitatu kwa Kiingereza miaka minne na hicho sikuwahi kukisikia.

Halafu akaniuliza mimi, we dada, ushuru wa soko unamlipa nani? Nikasema serikali. Ipi? Nikakaa kimya. Ni halmashauri ya jiji, na hapo topiki ya serikali za mitaa ikaniingia moja kwa moja, mwenyekiti wa mtaa na diwani tunawachagua, mtendaji kaajiriwa, DC, yaani mkuu wa wilaya, kateuliwa na Rais, yaani hao wote nilikuwa naona ni "viongozi" tu. Siku ya Tume ya Nyalali, ile iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ndo darasa liliwaka, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee na bado tume ikapendekeza vyama vingi, ikawa hivyo 1992, wavulana walibishana mpaka giza likaingia.

Sasa kero. Fotokopi za noti unalipia mia kwa kila ukurasa na mwanzo hawakwambii. Madirisha mawili hayana vioo, baridi ya Juni ya huku mnaijua, njoo na jaketi. Ila kubwa kuliko zote mtihani ni Kiingereza na ye Kiingereza anakipa dakika kumi za mwisho, kwa hiyo naelewa vizuri kabisa halafu kuandika nakwama. Nilimwambia, akasema kila Jumamosi nilete insha moja atasahihisha.

Nyota nne lakini. Insha nimeshapeleka tatu, karudisha moja.