Kubadilisha utumbo wa DB (boksi la kugawa umeme) bila kubomoa ukuta hapa Jinja, Uganda: karakana niliyoitumia

Kama una duka kwenye zile nyumba za Wahindi za Main Street hapa Jinja, boksi la umeme la zamani unalijua. Chuma kizito kimezamishwa ukutani, mabomba ya chuma yanaingia juu na chini, ndani fyuzi za kaure zile za kufunga waya mwenyewe. Langu lilikuwa hivyo hivyo na mimi ni mtu wa kuoka, nina oveni ya fezi tatu, mikisa na friza mbili, sasa fyuzi ikiungua katikati ya oda ya harusi unaanza kutafuta kipande cha waya kama mtoto anayetega ndege.

Mwenye nyumba alishasema ukuta wake haubomolewi, na Hajji akisema kitu amesema. Kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu wa kutoa vya ndani aweke vipya na boksi libaki palepale. Fundi wa kwanza aliangalia nusu dakika akasema atafunga kipande cha reli (chuma cha kupachikia breka) kwa skrubu, apachike MCB, yaani breka ndogo, za kampuni yoyote zilizopo sokoni, na mbele tufunike na plaiwudi. Plaiwudi! Kwenye duka la oveni! Nikamwambia asante baba, nitakupigia.

Hawa niliowapata mwishoni (karakana ndogo upande wa sokoni, sitaji jina maana nina malalamiko pia) walianza kwa kupima. Upana, urefu, kina, umbali kutoka mdomo wa bomba hadi pale basba (kipande cha chuma kinachogawia breka umeme) itakapokaa. Fundi mkubwa akachokonoa kutu kwa bisibisi chini kabisa mwa boksi kuona kama chuma bado ni kizima au ni rangi tu imesimama. Chuma kilikuwa kizima. Akasema tunaweza, ila vya ndani vinunuliwe vikiwa seti, yaani sahani, basba, mein swichi, breka, baa ya nyutro na ya athi (waya wa kwenda ardhini), vyote vya kampuni moja, na maelezo yake ya kufunga yawemo.

Nilimuuliza kwa nini seti wakati breka zote zinaingia kwenye reli ileile. Alinieleza vizuri sana mpaka nikaona hii karakana ina watu. Breka ya kampuni nyingine inaweza kukaa kwenye reli lakini mguu wake usilingane na meno ya basba, inagusa kidogo tu, ukivuta mzigo mkubwa pale panapata moto polepole na breka yenyewe haitaona chochote maana ampea hazijazidi. Pia hizi bodi zinapimwa joto zikiwa zimeshafungwa pamoja, ndiyo kazi ya viwango vya kimataifa vya IEC 61439, kwa hiyo ukichanganya kampuni vile vipimo vya kiwandani havikuhusu tena, jukumu lote linahamia kwa aliyechanganya. Akaniambia Marekani kuna seti zinazotengenezwa maalumu kwa kuingia kwenye maboksi ya zamani, zina alama ya UL, shirika la kupima usalama, na kanuni zao za umeme za NEC zinasema kifaa kifungwe kama maelezo yake yanavyosema, basi. Huku seti ya namna hiyo ni ya kuwinda, ndiyo maana vipimo vinakuja kabla ya sente.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni rangi za waya. Waya zangu za zamani ni nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Ila kuna mtu miaka ya karibuni aliongeza laini ya friza kwa rangi mpya, zile Waingereza walizoanza 2004, kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Sasa fikiria ndani ya boksi moja nyeusi ni nyutro na nyeusi nyingine ni fezi, bluu ni fezi na bluu nyingine ni nyutro!! Kijana mmoja wa karakana hakuamini rangi hata moja, alipima kila waya, akaivisha kola ya rangi sahihi, akapiga picha, ndipo akakata. Kukaza alitumia bisibisi inayolia klik ikifika kipimo. Mafundi wengi nawaona wanakaza mpaka mshipa wa shingo unasimama.

Athi nayo ilikuwa inategemea mabomba tu, na maungio yameshika kutu. Wakavuta waya mpya wa athi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, wakaunga boksi na mlango pia, wakaweka RCCB ya 30 mA (swichi inayokata umeme ukivuja) kwa soketi. Wakaibonyeza kitufe cha T, cha kujaribia, mbele yangu, ikakata umeme.

Haya, malalamiko. Bei ya kwanza haikuwa na hiyo RCCB, ikaongezwa baadaye kana kwamba ni kitu cha hiari, jumla ikapita milioni. Waambie waandike kila kitu kabla. Kava ya mbele ilichongwa Katwe kule Kampala ikarudi na pengo pembeni la kuingiza kidole, wao wakataka tuipokee hivyo "kwa muda". Nikakataa, kidole cha mtoto kinapita pale kinagusa umeme, wakairudisha, na mimi nikakaa na oveni baridi siku zote hizo. Waya kadhaa zilikuwa fupi zikaungwa ndani ya boksi, hiyo siyo dhambi maadamu nafasi ipo na kiungio ni cha maana, lakini waseme mapema, siyo nigundue mwenyewe. Lebo za breka waliandika kwa kalamu ya maka, unga na mafuta vimeshazifuta.

Na karatasi! Kabla ya kumpa mtu kazi mwombe kibali chake cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, na uangalie daraja lake linafika kazi ya fezi tatu. Fundi mkubwa alinionyesha bila kununa. Ila cheti cha kumaliza kazi nilikifuata kwa simu mpaka nikachoka, na mimi nakihitaji kwa bima, na UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, wakija kuuliza, maana tangu Aprili 2025 ndio wamechukua laini kutoka kampuni ya Umeme.

Oveni, mikisa na friza zote zinafanya kazi pamoja sasa, na nikigusa mlango wa boksi jioni ni wa baridi. Nawapa nne kwa tano. Jirani yangu wa duka la simu aliwaita baada yangu, wakachokonoa chini ya boksi lake bisibisi ikatokea upande wa pili, wakamwambia hili hatuligusi, tafuta wa kubomoa. Sasa ni yeye na Hajji.