Hiccup, mnyonge asiyegeuzwa kuwa mbabe: tathmini ya How to Train Your Dragon

Filamu za katuni zenye shujaa mnyonge ni nyingi, lakini wengi wa mashujaa hao hawakuwa wanyonge hata siku moja: walikuwa na nguvu iliyojificha au damu ya kifalme, na kilichosubiriwa ni siku ya jambo hilo kujulikana. Ndiyo maana bado naithamini How to Train Your Dragon, filamu ya dakika 98 ambayo DreamWorks waliitoa mwaka 2010, ikiongozwa na Chris Sanders na Dean DeBlois. Hiccup, mwana wa chifu wa Waviking wa kisiwa cha Berk, ni mwembamba, shoka humlemea, na kila anapotoka nje wakati majoka wanaposhambulia huzidisha hasara. Filamu inaisha akiwa bado mwembamba vilevile.

Alicho nacho ni kazi ya mikono aliyojifunza kwa mhunzi, alikowekwa ili asiwasumbue wapiganaji. Kwa mtambo alioubuni mwenyewe anamwangusha joka anayeogopwa kuliko wote, lakini anapomkuta msituni amenaswa kwenye kamba, anainua kisu na kushindwa kumuua. Hapo ndipo hadithi inapopata uzito, kwa sababu joka huyo, Toothless, amepoteza pezi la kushoto la mkia na hawezi tena kuruka vizuri, na aliyemlemaza ni Hiccup. Usiku anarudi karakanani, anachora na kufua chuma hadi anapata pezi la bandia. Ushujaa wake unaanzia katika kutengeneza alichokiharibu, kwa ustadi uleule ambao kijiji kiliudharau.

Kabla ya hapo kuna tukio ambalo sichoki kulirudia. Hiccup ananyoosha mkono, kisha anageuza uso pembeni na kufumba macho. Toothless anasita, anasogea, anagusisha pua kwenye kiganja. Halisemwi neno, kuna muziki wa John Powell tu. Sungura wa ngano zetu angetafuta hila ya kumshinda joka huyo, ilhali Hiccup anajiweka mikononi mwake.

Kasoro zipo. Astrid, hodari kuliko vijana wenzake wote, anarudishwa nyuma haraka mno, na joka mkubwa wa mwisho hana nafsi, yupo ili apigwe.

Hata hivyo, ushindi wenyewe una gharama. Hiccup anaamka akiwa amepoteza sehemu ya mguu wa kushoto, upande uleule wa pezi la Toothless. Mpwa wangu wa miaka saba, niliyetazama naye, aliniuliza kama mguu huo utaota tena. Nikamwambia hautaota. Alinyamaza, akamwangalia Hiccup akichechemea hadi mlangoni huku ameegemea kichwa cha joka wake, kisha akaniomba nirudishe nyuma tuitazame tena sehemu hiyo.