Krosova gani ununue Lubumbashi: tazama aina ya filta kabla ya namba

Krosova hugawa sauti, besi iende kwenye subwufa na sauti za juu kwenye spika zake. Kwa kanisa au orkestra yenye subwufa mbili na spika mbili za juu, chaguo la kwanza ni krosova ya kidijitali yenye filta aina ya Linkwitz-Riley, yenye mteremko (ukali wa mkato) wa desibeli 24 kwa oktava. Ukikata kwenye 100 Hz, kila upande, wa besi na wa juu, unakuwa umeshuka desibeli 6 hapo, mawimbi yanakwenda pamoja na jumla yake inabaki sawa. Butterworth, aina nyingine ya filta, ya desibeli 24 imeshuka desibeli 3 tu, hivyo pande mbili zikikutana panavimba desibeli 3 na noti chache za gitaa la besi zinanguruma kupita nyingine. Behringer DCX2496 (ingizo 3, matokeo 6) inatosha kabisa.

Muuzaji atakusifia mteremko wa desibeli 48. Kwenye 100 Hz, 24 huchelewesha sauti takriban milisekunde 4.5, 48 hufika karibu 12, na pigo la ngoma linalegea. Ihifadhi 48 kwa kulinda twita (spika ndogo ya sauti kali).

Ya pili ni analogi, kama Behringer CX2310: nafuu, haina menyu, ila huwezi kuchelewesha spika za juu zilingane na subwufa iliyo nyuma yake. Baadhi zina kitufe cha x10, kinachozidisha masafa ya mkato mara kumi. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, 200 Hz inakuwa 2,000.

FIR (filta ya kidijitali inayokokotolewa kwa vizidishi vingi) kwenye kompyuta tunaiweka ya tatu, na kwa kurekodi tu. Filta ya vizidishi 4,097 kwa 48 kHz inachelewesha milisekunde 42.7: mwimbaji anajisikia kana kwamba spika iko karibu mita 15 mbali naye. Ukiifupisha, ukali wa mkato wa besi unapotea.

Krosova ya koili ndani ya boksi ni ya mwisho kwa subwufa. Kwa omu 8 na 100 Hz, mteremko wa desibeli 12 unadai koili ya mH 25 hivi. Waya wote huo unakula nguvu ya ampli.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni ya 220 V, maana mitumba ya Marekani mingi ni ya 120. Kisha weka subwufa na spika ya juu pamoja, cheza toni ya 100 Hz, geuza polariti ya upande mmoja (badilisha nyaya za + na −): sauti lazima ididimie sana. Isipodidimia, filta au nyaya haziko sawa. Na umeme wa SNEL ukikatika, zima ampli mara moja. Ukirudi, washa mikisa, krosova, halafu ampli mwisho, la sivyo kishindo cha kuwaka kinaunguza twita.