Makazi ya wazee tuliyompeleka baba: mchana nyota 5, usiku nyota 2

Baba ana miezi minne pale sasa. Naandika kwa sababu wakati natafuta, maoni yote niliyokuwa nasoma yalikuwa yanasifia bustani. Bustani nzuri kweli, ila mzee haogi bustanini jamani.

Tuliingia mkenge mapema tu. Tulienda saa nne asubuhi mimi na dada, meneja akatutembeza, tukaona sofa, maua, tukasaini. Baba mwenyewe hatukwenda naye hata siku moja, eti tusimchoshe. Hapo kosa letu.

Nianze na mazuri. Njia ya mteremko ya kuingilia imejengwa na mtu anayejua, ukipanda sentimita 1 umeshaenda kama 12 mbele, kwa hiyo baba anajisukuma mwenyewe kwenye wilchea bila kuhema. Wahudumu wa mchana nawapa mia kwa mia, wanabisha hodi halafu wanasubiri aitikie, sio wale wa kugonga huku wameshaingia.

Sasa bafu. Mlango wa chumba unapitisha wilchea vizuri, wa bafu nilipima kwa futi kamba nikapata sm 70, na wilchea ya baba ina sm 66, yani vidole vyake vinapita vinakwaruza fremu, nimeona alama mwenyewe. Na kile chuma anachoshikilia akitoka chooni kumbe ni cha kutundikia taulo!! Nilikivuta kidogo tu kikacheza. Chuma cha kujishikilia kinatakiwa kibebe uzito wa mtu mzima anayeteleza, sio taulo.

Usiku ndo balaa. Nililala pale siku moja, baba akabonyeza kengele saa nane, nikaangalia saa: dakika 20 ndo mtu akaja, tena anakimbia maskini, yuko peke yake ghorofa nzima. Korido giza wakati macho ya mzee yanahitaji mwanga zaidi kuliko yetu. Kwa hiyo ukienda kukagua popote usiulize wana wahudumu wangapi, uliza zamu ya usiku wako wangapi, na ikiwezekana rudi jioni au wikendi bila kuwaambia.

Mkataba nao usome mpaka nyuma, sisi kuogeshwa kumbe kunalipiwa pembeni.

Nililalamika, chuma wamefunga kipya ndani ya wiki na kiko imara, mlango na usiku bado "tunalifanyia kazi". Kama mzee wako anaamka mwenyewe usiku panamfaa, kama anahitaji kunyanyuliwa mi nisingempeleka. Nyota 3.

Nimemwambia baba tutafute kwingine, kagoma, anasema kuna mzee chumba cha pili kamfunga drafti mara sita na haondoki mpaka azirudishe.