Kubadili vioo vya mkono kuwa vya umeme na kufunga sentro loki: ununue seti ipi, na ule mpira wa mlangoni ambao muuzaji hakutajii

Mwezi wa tano tangu nifunge vioo vya umeme, kioo cha dereva kilishuka vizuri alafu kikagoma kupanda. Ni usiku, mvua inanyesha, na mlangoni kunanukia plastiki inayoungua. Nilichomoa waya wa betri haraka haraka, nikafunika dirisha na nailoni, nikaenda kulala na hasira. Wiki mbili kabla ya hapo gari lilikuwa limeanza kujiloki lenyewe, mara mbili funguo zikiwa ndani, na fundi aliyenifungia akaniambia dada hiyo ni rimoti tu, badilisha betri yake. Nikabadilisha. Haikuwa rimoti.

Asubuhi nikampelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, yeye wala hakuanza na mota. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akainama pale kwenye bawaba akasema mwanangu shida yako iko hapa. Yule wa kwanza alikuwa ametoboa tundu kwenye bati la bodi na jingine kwenye mlango, akapitisha nyaya hivyo hivyo bila mpira, tena amezivuta zimekaza. Kwahiyo kila mlango ukifunguliwa waya unakunjika palepale ulipokunjika jana, na kila ukifungwa makali ya bati yanausugua, miezi mitano hivyo, shaba ya ndani imekatika uzi mmoja mmoja, ganda limechubuka, na waya wa moto wa kioo unagusa bodi. Na kule kujiloki? Mlango wa dereva una nyaya nyembamba zinazoipa sentro loki amri, na kwenye moduli nyingi (kile kisanduku kinachoendesha loki zote) amri yenyewe ni waya kuguswa ethi tu, yaani upande hasi wa betri. Bodi ya gari ndiyo ethi. Waya uliochubuka ukigusa bati, moduli inaelewa dereva kaamuru, inaloki milango yote minne.

Kwahiyo leo siongelei kasi ya kioo, wala swichi zenye taa, wala rimoti ina vitufe vingapi, hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Mi nataka uangalie pale nyaya zinapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni.

Ule mpira

Fungua mlango wa gari lolote lililotoka kiwandani na vioo vya umeme, chungulia upande wa bawaba, utaona mpira mweusi wa mikunjomikunjo kama shingo, upande mmoja umeingia kwenye bodi na upande wa pili kwenye mlango. Huo mpira unazuia bati lisikate nyaya, unazuia maji yasifuate nyaya yakaingia ndani ya gari, na unafanya mkunjo usambae kwenye urefu wote wa waya badala ya kukaa sehemu moja. Mlango ukifunguliwa mara kumi kwa siku hiyo ni mara 3,650 kwa mwaka, na waya wa kawaida ukikunjwa sehemu moja mara zote hizo ni rahisi kukatika.

Matundu mawili yasilingane kwa urefu, moja likae juu kidogo na lingine chini, maana hapo waya unajisokota taratibu badala ya kukunjika. Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba na laini, sio ule mgumu wa nyuzi chache nene, na uachiwe ulegevu ndani ya mpira. Na usikubali kabisa kiungo cha waya kikae ndani ya ule mpira, awe amechomelea risasi au amesokota na tepu. Risasi inafanya waya kuwa mgumu, alafu unakatika pembeni yake tu.

Hesabu na idadi ya nyaya kabla hujanunua, mi sikuhesabu. Ukichukua seti ya milango minne ambayo swichi kuu inakaa mlangoni kwa dereva, pale kwenye bawaba zinapita moto mmoja, ethi mmoja, sita za kwenda kwenye vioo vya milango mingine, na tano za loki, jumla 13. Ukichukua seti ambayo swichi zote zinakaa katikati karibu na gia, mlango wa dereva unabaki na mbili za mota ya kioo na tano za loki, yaani saba, na milango mingine kila mmoja nne tu. Kwa gari ambalo halikuzaliwa na vioo vya umeme mi nasema swichi zikae katikati, hata kama mlangoni zinapendeza zaidi.

Unene nao. Mota ikitembea vizuri inakula kama ampea 5 mpaka 10, ila kioo kikikwama inaweza kupita 20. Seti niliyonunua ilikuja na waya mwembamba alafu fyuzi ya 30, maana yake waya unaungua kabla fyuzi haijakatika. Ile harufu ya plastiki ndiyo hiyo. Kwa moto wa vioo tafuta waya wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Kama tayari umefunga na unataka kujua hali yako, bonyeza swichi huku mtu anaufungua na kuufunga mlango polepole. Kioo kikitembea mlango ukiwa nusu wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake, acha kununua mota, nenda kwenye bawaba.

Namba 1: spea za gari la modeli ileile, ila kwa sharti

Kama modeli ya gari lako ilitoka pia na vioo vya umeme, mara nyingi mlango ni uleule na matundu ya bolti yapo tayari yanasubiri, na hata tundu la ule mpira unaweza kulikuta limezibwa tu na kizibo. Hapo unachukua mashine za kioo (kile kifaa cha ndani ya mlango kinachopandisha na kushusha kioo) na mota zake (ya kulia na ya kushoto hazifanani, usichanganye), loki zenye mota ndani, swichi zote, makava ya milango maana ya kwako yana tundu la mkono wa kuzungushia, na nyaya zote pamoja na mipira mpaka zile plagi zilizo chini ya dashibodi. Swichi zichukue kama familia, kuu na za abiria kutoka gari moja, kwasababu kwenye magari mengi mota ya abiria inapata ethi kwa kupitia swichi ya dereva, na ukichanganya unaweza kukaa siku nzima unatafuta kwanini kioo cha abiria kimekufa.

Sasa sharti. Wauza spea za mitumba wanakata nyaya kwa koleo, na wanazikata wapi? Kwenye mpira. Palepale. Anataka kuutoa mlango haraka, anakata shingo, mpira unatupwa, alafu anakuuzia mlango anakwambia dada hii ni orijino kila kitu kipo. Hakipo. Kilichotupwa ndio sehemu ambayo kiwanda kilifikiria kuliko zote na ndiyo ambayo fundi wa mtaani hawezi kuitengeneza sawasawa. Nimewahi kusimama mbele ya milango sita imepangwa, yote imekatwa shingo, na yote bei ya juu. Ikiwa nyaya zimekatwa, hii haiwi tena namba 1, inashuka chini ya seti za SPAL nitakazozitaja hapo chini.

Na tahadhari ya mwili wako kabisa. Mashine ya kioo ya mikono inayopishana kama mkasi huwa na springi kubwa iliyokazwa. Ukiitoa mota bila kuifunga mashine kwanza isisogee, ile mikono inafyatuka kwa nguvu na vidole viko hapohapo. Ibane na bolti au klampu kabla hujagusa mota.

Namba 2: SPAL

Nawapenda na sifichi. Ni Waitaliano, wengi tunawajua kwa feni za rejeta, ila wanatengeneza pia seti za vioo vya umeme za kufunga kwenye magari yasiyozaliwa nazo. Hizi ndizo nilizofunga milango ya mbele baada ya yale yote na sijajutia siku moja, kioo kinapanda bila kulalamika, sauti ya mota ni ileile ya siku ya kwanza. Kilichonikosha zaidi ni nyaya, ukizishika mkononi unajua huyu mtu alifikiria kwamba mlango unafunguka. Mipira nilichagua mwenyewe kando, ya shimo pana kuliko nilivyodhani nahitaji, kwasababu nyaya za loki zinapita humohumo.

Bei yake inauma, ndiyo. Mi nilishalipa bei rahisi kwanza alafu nikalipa hii, ukijumlisha na ufundi mara mbili na kurekebisha bati lililotobolewa ovyo.

Kabla ya kununua seti yoyote ya aina hii, jua kuna zinazoshika pale ulipokuwa mkono wa kuzungushia na kuigeuza mashine yako ya zamani, na kuna zinazokuja na reli yake. Za kwanza zinategemea mashine yako iwe nzima. Zungusha kioo kwa vidole viwili tu: ikiwa lazima ukaze mkono, usifunge mota bado. Mara nyingi ni ile mipira ya pembeni inamopita kioo imekauka, isafishe upulizie silikoni, sio grisi wala oili maana zinakusanya vumbi na kuharibu mpira. Kama meno ya mashine yameisha, basi badili mashine.

Namba 3: mashine mpya zenye mota, za modeli yako

Hapa kuna Dorman wa Marekani na wengine, unapata mashine mpya na mota yake kwa modeli ambayo ilikuwa na toleo la umeme. Chuma ni kizuri ila nyaya za mlangoni na mipira unajitafutia mwenyewe, kwahiyo ukishalipa bado hujamaliza, na ndio maana iko ya tatu.

Zile za bei chee zisizo na jina ndizo zilizoniunguzia waya. Hapana.

Loki

Sentro loki ni rahisi kuliko vioo na watu wanaiharibu kwa sababu hiyohiyo. Mota ya mlango wa dereva ina nyaya tano, mbili za nguvu na tatu za kutoa amri, na za milango mingine zina mbili mbili. Ikifungua pale ilipotakiwa kufunga, geuza zile mbili za nguvu. Shusha kioo mpaka chini kabisa kabla hujaweka alama ya kutoboa, otherwise kioo kitakuja kugonga mota. Fimbo ya mota ivute kwenye mstari mmoja na fimbo ya loki, ikivuta kwa upande itachoka mapema. Na ufunguo wa kawaida lazima uendelee kufungua mlango kwa mkono, jaribu mbele ya fundi kabla hujamlipa.

Moto wa loki utoke betri moja kwa moja, wa vioo upitie rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) inayowaka na switchi ya gari, watoto wakibaki ndani wasichezee. Na kama seti inajisifia kioo kinapanda chenyewe kwa kubonyeza mara moja, uliza kinarudi kikikutana na mkono? Kama hakirudi, hicho kipengele usikiunganishe, shingo ya mtoto haina nguvu ya kusimamisha mota.

Neno "kamili"

Wauzaji wanaandika seti kamili kwenye boksi. Mi sasa nafungua boksi palepale kaunta, na kama hataki lifunguliwe naondoka. Natafuta mipira, kwa idadi ya milango, naivuta kwa mkono nione kama inarudi au ni plastiki ngumu. Boksi la kwangu lilikuwa na stika mbili za kubandika kwenye kioo, rimoti mbili zinang'aa, vifunga vya plastiki vya kutosha kufunga shamba, na mipira sifuri. Nilipomrudia muuzaji akasema fundi ndiye anatakiwa kuwa nayo. Fundi akasema inakuja na seti. Kila mmoja amepokea hela yake kamili, na mimi ndiye nilikuwa nimesimama kwenye mvua na nailoni.

Fundi pia mwambie kabla ya kukubaliana bei kwamba utakagua bawaba mlango ukiwa wazi, na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango airudishe bila kuitoboa, maana ndiyo inayozuia maji ya ndani ya mlango yasije kwenye kava na swichi.

Milango yangu ya nyuma bado nazungusha kwa mkono. Seti ipo, iko kabatini. Nguzo ya katikati ina nafasi ndogo sana kati ya bodi na mlango, na mipira niliyonayo inabanwa mlango ukifungwa. Nikipata miembamba inayokaa pale bila kukandamizwa, nitafunga.