Jiko la mkaa lenye udongo ndani: gonga kabla ya kulipa

Jiko hili, Kenya Ceramic Jiko kwa jina la kitaalamu, lilianza kusambaa Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Bati lake limebanwa kiunoni, na udongo umewekwa nusu ya juu tu, panapokaa mkaa. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni kama kwenye jiko la bati tupu, na jiko halilemei kubeba. Akiba inayotajwa mara nyingi ni asilimia 30 hadi 50 ya mkaa, lakini huipati kama udongo ni mbovu.

Kwa hiyo usiangalie rangi ya bati. Gonga udongo kwa kidole: uliochomwa vizuri hulia kwa sauti kali, wenye ufa hutoa sauti butu. Ukiona weusi pale ulipomeguka, haukuiva tanurini, nao utabomoka mapema. Kagua pia simenti kati ya udongo na bati. Ikiwa na mapengo, udongo hucheza na kupasuka. Tikisa pia meno ya kushikilia sufuria, maana kusonga ugali huyasukuma kwa nguvu kuliko kuchemsha chai.

Nyumbani, lipime dhidi ya jiko lako la zamani, pasipo upepo. Tumia mkaa uliotoka gunia lilelile, sufuria ileile isiyofunikwa na maji lita 2.5. Pima mkaa kwa gramu, washa, andika dakika za kufikia mchemko, kisha acha maji yatokote taratibu dakika 45. Mwaga mkaa uliobaki kwenye debe la bati, funika uzime, halafu upime. Rudia angalau mara tatu. Kipimo kimoja hudanganya. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo matokeo ya huko yasilinganishwe moja kwa moja na ya Mombasa.

Majiko mengi huharibika kwa kuzimwa kwa maji. Udongo wa moto ukimwagiwa maji hupasuka papo hapo, na hakuna fundi atakayeurudisha kama ulivyokuwa. Kosa la pili ni kuacha majivu yazibe matundu: hewa haipiti, mkaa huwaka kwa uvivu na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi huongezeka. Yakung'ute kila unapowasha. Maharage yakishaanza kutokota, funga mlango wa hewa hadi ubaki wazi robo. Hapo ndipo mkaa unapookolewa kweli.

Tunalipendekeza kwa anayepika kwa mkaa kila siku, lakini si kwa chumba kilichofungwa. Moshi hauonekani, lakini gesi hiyo ya sumu ipo, na inaua waliolala. Litumie nje au dirisha likiwa wazi, na usiliingize chumbani kupasha joto usiku.