Bima ya Mbwa Marekani: Anza kwa Kuuliza Habari za Goti la Pili

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaoishi Marekani kuhusu bima za mbwa hutofautiana kwa jimbo, kwa kampuni na kwa aina ya mbwa, lakini mengi yana mzizi mmoja. Mbwa alichechemea mguu mmoja siku za nyuma, akapona au akapasuliwa. Baadaye goti la upande wa pili likaharibika, na kampuni ya bima ikakataa kulipa kwa hoja kwamba goti hilo nalo lihesabiwe kuwa lilikuwa bovu kabla ya mkataba kuanza. Dada mmoja wa Ohio alikuwa amelipa ada ya kila mwezi bila kukosa, na sababu pekee iliyotajwa katika barua ya kumkatalia ilikuwa mstari mmoja ambao daktari aliuandika kuhusu mguu mwingine kabisa. Kwa ajili hiyo mwongozo huu hautapima uzuri wa programu za simu, wala kasi ya kujibu barua pepe, wala punguzo la kusajili mbwa wawili, kwa kuwa hayo kila tangazo limekwisha kuyaimba. Nitayapanga makampuni kwa namna yanavyolitazama goti, hasa goti la pili.

Huenda kipimo hicho kikaonekana chembamba. Hata hivyo, kuharibika kwa kano ya msalaba ya goti ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafanya mbwa wachecheme mguu wa nyuma, na tofauti na mchezaji wa mpira ambaye kano yake hukatika kwa kishindo uwanjani, kwa mbwa wengi kano hiyo hulika polepole, kwa miezi au hata miaka, mpaka siku inapoachia. Udhaifu huo kwa kawaida haukai katika mguu mmoja tu, na ndiyo maana karibu nusu ya mbwa waliokatika kano upande mmoja huja kukatika na upande wa pili. Labrador, Rottweiler na Newfoundland wanajulikana kwa tatizo hili, na mbwa yeyote mnene yumo hatarini. Tiba inayopendekezwa mara nyingi kwa mbwa mkubwa ni upasuaji uitwao TPLO, ambapo mfupa wa muundi hukatwa karibu na goti, kipande cha juu kikazungushwa kidogo, kisha kikafungwa kwa bamba la chuma na skrubu ili goti lisimame imara bila kuitegemea kano iliyokatika. Kazi hiyo hugharimu maelfu kadhaa ya dola kwa goti moja. Sijui maradhi mengine ya mbwa wa kawaida ambayo yana uwezekano mkubwa kiasi hiki wa kurudi mara ya pili kwa bei ileile.

Makampuni ya bima yanalijua hilo kuliko sisi. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba ugonjwa unaoweza kushika pande zote mbili za mwili, ukijitokeza upande mmoja kabla ya bima kuanza au ndani ya kipindi cha kusubiri (siku za mwanzo za mkataba ambazo kampuni bado hailipii), upande wa pili nao hautalipiwa. Si lazima daktari awe ametaja jina la ugonjwa, kwani dalili peke yake inatosha. Unapowasilisha madai makubwa kwa mara ya kwanza, kampuni huomba faili la mnyama kutoka katika kliniki alizotibiwa, na anayelisoma hutafuta maneno kama “anachechemea kidogo mguu wa nyuma wa kushoto,” ambayo huenda yaliandikwa siku mbwa alipopelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa, kwa sababu tu mwenye mbwa alilitaja jambo hilo katika mazungumzo. Kwa hiyo, kabla ya kununua bima yoyote, omba nakala ya faili zima na ulisome mstari kwa mstari. Ukikuta kosa, kwa mfano mguu uliotajwa si wenyewe, mwombe daktari aandike sahihisho lenye tarehe. Ukikuta ukweli usiokufaa, usijaribu kuuficha, kwa sababu kuficha taarifa kunaweza kubatilisha mkataba wote. Tafuta badala yake kampuni ambayo itakubali kulikagua faili mapema na kukujibu kwa maandishi ni nini itakilipia na ni nini haitakilipia.

Kuhusu bei nitakuwa mfupi. Takwimu za NAPHIA, chama cha makampuni ya bima za wanyama wa nyumbani Amerika Kaskazini, zinaonyesha kwamba mwaka 2023 bima ya ajali na ugonjwa kwa mbwa nchini Marekani ilikuwa wastani wa dola 676 hivi kwa mwaka. Wastani huo hautakusaidia sana, kwa maana ada hupanda na kushuka kwa umri wa mbwa, aina yake na msimbo wa posta wa mahali unapoishi. (Ndugu zetu wa Morogoro na Kisumu wakizisikia dola hizo hudhani tunawatania, na sidhani kama ni haki kuwalaumu.) Kinachofaa kupimwa ni mambo matatu yakiwa pamoja: kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, asilimia utakayorejeshewa katika kinachobaki, na ukomo wa malipo kwa mwaka.

Chukua mfano wa mbwa anayekatika kano za magoti yote mawili ndani ya mwaka mmoja wa mkataba, na kila goti likagharimu dola 6,000. Mkataba wa kwanza unakutaka ujilipie dola 500 kwa mwaka, unarejesha asilimia 80, na una ukomo wa dola 5,000. Hesabu ya asilimia inatoa dola 9,200, lakini kwa sababu ya ukomo unapata 5,000 tu, na 7,000 zinatoka mfukoni mwako. Mkataba wa pili unakutaka ujilipie dola 500 kwa kila tatizo, unarejesha asilimia 90, na hauna ukomo. Hata kila goti likihesabiwa kuwa tatizo lake, unarejeshewa dola 9,900 na unabaki na mzigo wa dola 2,100. Ukiwauliza wauzaji, watakuonyesha kwamba mkataba wa kwanza una ada ndogo ya mwezi, jambo ambalo ni kweli, na wataishia hapo.

Nafasi ya kwanza naipa Trupanion, na sifichi kwamba naipendelea. Mkataba wake unafanana na ule wa pili katika mfano wangu: kiasi cha kujilipia hutozwa mara moja kwa kila ugonjwa katika maisha yote ya mbwa, baada ya hapo kampuni hulipa asilimia 90, na hakuna ukomo wa mwaka wala wa maisha. Haina kile kipindi cha pekee cha miezi sita ambacho makampuni kadhaa huwekea magoti. Bado ina vipindi vya kusubiri kwa majeraha na kwa magonjwa, kwa hiyo uliza vya jimbo lako. Jambo kubwa zaidi kwa watu wetu ni kwamba katika hospitali zenye mfumo wake wa kompyuta, kampuni humlipa daktari moja kwa moja wakati mbwa akiwa bado hapo, nawe unalipa sehemu yako tu. Desturi ya wengine ni kwamba ulipe bili yote kwanza, kisha usubiri kurejeshewa, na familia nyingi zinazotuma fedha nyumbani kila mwezi hazina dola 6,000 zilizokaa zikisubiri mfupa wa mbwa. Kasoro zake ni za kweli: ada ya kumwona daktari hailipiwi, bei yake mara nyingi huzidi ya washindani, na mbwa anayeugua vijigonjwa vingi tofauti, leo sikio, kesho tumbo, atakutoza kile kiasi cha kujilipia kwa kila kimoja. Mwenye mbwa wa namna hiyo atafute kwingine. Mwenye Labrador akae hapa.

Nafasi ya pili ni bima inayouzwa kwa jina la ASPCA, chama cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Kipindi chake cha kusubiri ni siku 14 kwa ujumla, magoti yakiwamo, na hulipia ada ya kumwona daktari katika ugonjwa unaolipiwa. Inasema kwamba ugonjwa wa zamani uliopona na kukaa siku 180 bila dalili unaweza kusahauliwa, ila imeyatoa magoti na kano katika msamaha huo: kano ikiharibika kabla ya bima, kano nyingine yoyote itakayofuata haitalipiwa. Kwa hiyo inamfaa mtoto wa mbwa mwenye faili safi. Chagua ukomo wa mwaka usiopungua dola 10,000, la sivyo utarudi kwenye ule mfano wangu wa kwanza.

Embrace naiweka ya tatu. Kwa mbwa ina miezi sita ya kusubiri kwa matatizo ya mifupa na viungo, lakini imeacha mlango: ukimpeleka mbwa kwa daktari akapimwa viungo na fomu ikajazwa kwamba ni mzima, miezi hiyo sita hupunguzwa kuwa siku 14. Ajabu ni kwamba wanunuzi wengi hawaambiwi habari za fomu hiyo. Ukinunua hapa, panga miadi ya upimaji huo wiki ileile.

Ya nne ni Healthy Paws, ambayo ina sifa nzuri kwa mambo mengine na ambayo angalau imeliandika suala la goti bila kuzungukazunguka: kano ya mguu mmoja ikiumia kabla ya kusajiliwa au ndani ya siku 15 za kusubiri, ya mguu wa pili haimo. Nyonga zina kipindi chao cha miezi 12, na mbwa aliyesajiliwa akiwa amefikisha miaka sita halipiwi kabisa ugonjwa wa nyonga usio wa ajali. Ada ya kumwona daktari hailipiwi.

Za bei nafuu, kama vile Pets Best na Lemonade, zinamtosha mbwa mdogo wa kilo tano anayelala juu ya kochi, mradi usome muda wa kusubiri wa kano. Bima ya ajali pekee siipendekezi kwa mbwa yeyote mkubwa, kwa sababu kano iliyokatika akiwa anakimbia bustanini mara nyingi huhesabiwa kuwa ugonjwa, na madai yako yatakataliwa.

Jimbo unaloishi linaweza kubadilisha baadhi ya haya. Mwaka 2022 chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, kilipitisha sheria ya mfano ambayo majimbo kadhaa yamekwisha kuichukua. Inakataza kipindi cha kusubiri kwa ajali, inaweka ukomo wa siku 30 kwa magonjwa na matatizo ya viungo, na inaitwika kampuni mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima. Katika jimbo lenye sheria hiyo, miezi sita ya goti haina nguvu. Piga simu kwa ofisi ya kamishna wa bima ya jimbo lako na uulize, kwa kuwa muuzaji hana faida yoyote katika kukujulisha.

Nikifika kwa wauzaji, subira yangu huisha. Tovuti nyingi zinazojiita za kulinganisha bima hulipwa na kampuni unayoichagua kupitia kwao, na ndiyo maana katika orodha zao kila bima ni “bora” kwa namna fulani na kifungu cha goti la pili hakitajwi popote. Kadhalika majina mengi unayoyalinganisha ni ya nyumba moja. Kampuni ya uwekezaji ya Ulaya iitwayo JAB, inayofahamika zaidi kwa biashara ya kahawa, imenunua makampuni ya bima yaitwayo Figo na Pets Best pamoja na biashara inayouza bima ya ASPCA, na papo hapo imewekeza katika mtandao wa hospitali za wanyama wa NVA. Mars, watengenezaji wa chokoleti, wanamiliki hospitali za Banfield, VCA na BluePearl. Bili ya hospitali inapanda, ada ya bima inapanda kwa sababu bili imepanda, na mteja anaambiwa kwamba dawa ya kupanda kwa bili ni kununua bima.

Kupanda huko humuuma zaidi mwenye mbwa mzee. Akiwa na miaka tisa, maradhi yote aliyowahi kuugua yameandikwa, na kampuni yoyote mpya itayahesabu kuwa ya zamani, hivyo mwenyewe hana pa kuhamia hata ada ikiongezeka maradufu. Wala uaminifu hauhakikishi chochote: mwaka 2024 Nationwide, iliyo miongoni mwa bima kongwe za wanyama nchini humo, ilitangaza kuacha mikataba ipatayo 100,000, na baadhi ya walioachwa walikuwa na wanyama wazee wenye magonjwa ya kudumu. Ikiwa unafikiria kuhama kwa hiari, usiufute mkataba wa zamani siku unayosaini mpya. Lipia yote miwili hadi vipindi vyote vya kusubiri vya mkataba mpya, kile cha goti kikiwamo, viishe, na uwe umekwisha kupokea kwa maandishi matokeo ya ukaguzi wa faili la mbwa wako.